Mkono wa Mwanvua

Moustapha alikuwa hajawahi kupoteza mzigo. Fuso yake ilibeba viazi vya Luofu, maharagwe ya Kanyabayonga na kakao ya Mangina kwa barabara ambazo hata mbuzi hufikiri mara mbili kabla ya kuzikanyaga, na hakuna gunia lililowahi kudondoka. Siri yake ilikuwa kufunga. Alifunga kamba kama mtu anayemfunga adui. Kwa hiyo mke wake Mwanvua alipotoka kwenye chumba cha upasuaji huko Beni, titi la kushoto limeondolewa na kwapa limeshonwa, Moustapha alifanya kile alichokijua. Alichukua kitenge, akaukunja mkono wa kushoto juu ya tumbo la mkewe, akaufunga. Mzunguko kifuani, mzunguko mgongoni, na nyuma ya shingo fundo lile lile analolitumia kwenye turubai.

"Sasa huu hauende fasi," alisema.

Na kweli haukwenda popote. Nyumbani Butembo, dada zake Moustapha walihamia na magodoro yao, wakiongozwa na Sifa, aliye mkubwa wao kwa umri na kwa sauti. Kwao mgonjwa aliyetoka hospitali ni kama yai la kuazima. Walimkataza Mwanvua kuinua hata kikombe. Walimlisha uji kwa kijiko, wakamvalisha, wakamfunga kilemba. Pua ikimwasha, Sifa anaruka kumkuna. Kidonda kikapona vizuri, kikawa mstari tu. Mkono nao ukakauka kama tawi.

Waliporudi Beni, daktari Jokébed alijaribu kufungua lile fundo, akashindwa, akaitisha mkasi.

"Nani alimufunga hivi?"

"Mimi, docta," alisema Moustapha, kifua mbele. "Muzigo yangu haijaangukaka hata siku moja."

"Huyu hapana muzigo, Papa. Huyu ni mutu."

Alimsimamisha Mwanvua kando ya ukuta, akamwambia apandishe mkono. Mkono ulipanda mpaka usawa wa bega, ukasimama pale kama punda. Jasho lilimtoka Mwanvua, lakini vidole havikuongeza hata unene wa kucha. Jokébed alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya muuza samaki. Hakupiga kelele safari hii. Alikaa chini, akachukua karatasi, akachora kifua cha mtu.

"Operesheni ilitoa kile kitu kikubwa," alisema. "Mais bile bidogo bidogo hatubione na macho. Binaweza kubakia hapa mu ukuta ya kifua, ao kujificha mu tezi. Njo maana ninawatuma Kampala, juu ya radiothérapie, dawa ya mionzi. Sisi huku hatuna ile mashine."

"Bamuchome tu, turudi," alisema Moustapha.

"Habachome tu ovyo! Kwanza banapanga. Kupanga njo kazi." Alichora vidoti kwapani, vidoti juu ya mfupa wa bega, vidoti vichache kando ya mfupa wa katikati ya kifua. "Tezi ziko hapa, hapa na hapa. Bataingiza Mama mu mashine ya picha, na banganga batachora kila tezi, njia ya mionzi ipite juu yake. Batachora na moyo, na pafu, juu njia ipite kando. Moyo iko upande huu huu wa kushoto, unaelewa? Kiisha banamutia alama kidogo mu ngozi. Na kila siku ya dawa analala sawa vile alilala siku ya picha. Mukono juu ya kichwa."

"Mukono huu?"

"Huu. Ukibakia chini, unafunika kwapa, na tena Mama hataingia mu tundu ya mashine. Lazima upande, na ukae kule juu bila kutikisika mpaka picha inaisha."

"Picha inakamata muda gani?"

Jokébed alifikiri. "Kama kuivisha chungu ya viazi."

"Na mukono ukikataa?"

"Batamurudisha. Bagonjwa ni bengi kule, habangojeake mukono ya mutu mumoja. Na ikipita muda murefu, ile kitu inaweza kurudi mbele ya mionzi kufika."

Moustapha alimwoa mwanamke huyu wakati mali yake yote ilikuwa chukudu moja, gari la mbao la kusukuma, na Mwanvua ndiye aliyelisukuma nyuma kwenye milima. Alitazama ule mkono wa kushoto kama mtu anayetazama daraja lililovunjika mbele ya gari.

"Mazoezi," alisema Jokébed. "Akikaa, apandishe. Akitembea, apandishe. Mu barabara, ku soko, popote. Hapana haya!"

Kuna watu wakipewa agizo hulipunguza kidogo njiani. Moustapha hakuwa mmoja wao. Alipoambiwa popote, alisikia popote. Lakini walipofika kwenye korido alimshika mkewe kanzu.

"Mais mutu asijue."

"Asijue nini?"

"Ile."

Aliwaambia majirani wote kwamba Mwanvua alipasuliwa apandisiti, yaani kidole tumbo. Yule mwanamume aliweza kumtukana polisi wa barabara mpaka kwa babu yake wa saba, lakini neno ziwa, kwa maana ya titi, lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Donc nitapandisha mukono Butembo muzima, na hakuna kusema juu ya nini?" aliuliza Mwanvua.

"Eeh."

"Bon," alisema Mwanvua. Na Mwanvua akisema bon, ujue mambo yameharibika.

Yaliharibika kuanzia bariyeri ya kwanza, kizuizi cha askari barabarani. Mwanvua alikaa mbele kwenye Fuso, mkono ameuegemeza juu ya mlango, vidole vikitazama mawingu. Askari mmoja kijana aliona mwanamke ndani ya gari ameinua mkono, akaelewa alivyoelewa, akamwelekezea Moustapha bunduki.

"Mama! Huyu anakutisha?"

Moustapha akainua mikono yake miwili. Kule juu ya magunia, wapakizi wawili walipoona bosi ameinua, nao wakainua. Askari akabaki ameteka Fuso nzima bila kutaka, na hakujua inafanywaje baada ya hapo.

"Commandant!" aliita. "Banajirendre! Banasalimu amri!"

Kamanda alitoka kibandani na sahani ya maharagwe mkononi. "Nani?"

"Fuso, commandant."

"Banajirendre kwa nani?"

"Kwa miye, nazani."

Kamanda alitafuna, akazunguka gari, akaja mpaka dirisha la Mwanvua. "Mama, shusha mukono."

"Docta alikataza."

"Docta ya nini?"

"Ya apandisiti," alidakia Moustapha, mikono yake bado juu.

Kamanda aligusa ubavu wake wa kulia, chini, akawaza. "Miye apandisiti yangu banatoaka huku chini."

"Ile ilikuwa ya zamani, commandant. Sasa banapitia juu."

Kamanda alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyegundua kwamba alipasuliwa mapema mno, akawaruhusu wapite.

Butembo ilikuwa taabu nyingine. Kila asubuhi Mwanvua alitoka nyumbani akatembea mpaka depo ya mumewe na kurudi, mkono umeinuka hadi pale maumivu yaliporuhusu. Sasa mwenye pikipiki wa Butembo huona kidole cha abiria kilichoinuka nyuma ya mlima. Wa kwanza akasimama, wa pili akasimama, wa tatu akapanda juu ya tuta ili awe wa kwanza. Mwanvua alipofika kwenye duka la dawa alikuwa na msafara kama waziri.

"Mama, twende!"

"Siende fasi."

"Sasa unaita ya nini?"

"Siite mutu."

"Mukono yako inaita!"

"Basi beba mukono," alisema Mwanvua, akaendelea kutembea.

Wakagombana wao kwa wao nani alikuwa ameitwa. Kesho yake walikuja wengi zaidi, maana habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mama tajiri anayechagua pikipiki na hajapata bado ya kumpendeza. Jirani yao Anne-Marie, muuza mandazi, aliwaeleza wateja wake kwamba siku hizi huko Beni apandisiti inatolewa kwapani. Wateja walishangaa jinsi sayansi inavyokwenda mbele.

Kisha akaja Pasta Élisée. Kanisa lake la mbao lilikuwa nyuma ya depo, na kila asubuhi alimwona mke wa mwislamu akipita mkono juu, macho amefumba, midomo inacheza. Macho aliyafumba kwa maumivu, na midomo ilikuwa ikimtukana Sifa. Lakini pasta aliona alichokiona. Akafika nyumbani na kwaya yake na ngoma mbili.

"Papa Aisha," alimwambia Moustapha, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, kwa heshima, "usifunge mulango. Mama amesikia sauti."

"Alisikia sauti ya docta! Pasta, huyu mukono hauko na dini."

"Kila mukono iko na dini."

"Huu ni wa apandisiti!"

Kwaya ilikuwa imeshaanza. Ilichukua muda kuitoa kwenye ua, na mpiga ngoma mmoja alikuwa ameshapewa chai.

Jua lilipokuwa likishuka alifika Shehe Yassini, amesikia kwamba Mama Aisha amebadili dini. Alimkuta Mwanvua amesimama uso ukutani, vidole vikitambaa polepole kwenda juu kama buibui, zoezi alilofundishwa na Jokébed. Shehe alitazama ukuta, akatazama jua liliko.

"Mama Aisha," alisema kwa upole, "ukuta huo unaelekea Lubero."

"Sisali, shehe. Ninapanda."

"Unapanda wapi?"

"Ukuta."

Shehe alitafakari. "Mungu akufikishe," alisema, na alisema kwa moyo, akaondoka akivuta tasbihi yake.

Ndani ya nyumba Moustapha alikuwa akichora mistari ya chaki ukutani, kila mkono ulipofika. Mistari ilipanda, lakini kwa ubahili. Kila Mwanvua alipoinua sufuria, Sifa alilia kana kwamba kuna msiba, akampokonya. Mwishowe Moustapha alipakia magodoro ya dada zake kwenye Fuso, dada zake juu ya magodoro, akawapeleka kwao Kanyabayonga. Hakuwafunga. Alipoambiwa baadaye kwamba Sifa alimlaani njia nzima, alisema laana haina uzito, haiongezi mafuta ya gari.

Baada ya hapo Mwanvua alichota maji, akatwanga, akaanika nguo kwenye kamba iliyo juu, akitukana na kulia, na mistari ikaenda haraka. Jumamosi iliyotangulia safari, asubuhi, mkono ulifika sikioni. Ulikaa pale kwa muda wa salamu fupi, ukaanguka. Mwanvua akakaa kitako.

"Umefika," alisema Moustapha.

"Kufika si kuikala," alisema Mwanvua. "Kule Kampala wataniambia nikae. Nikianguka katikati ya picha?"

Nje tayari walikuwa wanaitwa kwenye kikao.

Katika mtaa ule, baada ya salongo ya Jumamosi, kazi ya kusafisha mitaro, kila nyumba hutuma baba na mama kwenye kikao kwa nyumbakumi. Nyumbakumi wao alikuwa Vagheni, mfanyabiashara wa mbao, mkatoliki mwenye miwani, anayependa sheria kuliko wengine wanavyopenda nyama. Na sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: mkono ukiwa juu, kikao hakifungwi. Zamani kidogo, kabla yake, kikao kilifungwa huku mjane mmoja ameinua mkono. Alitaka kusema mtaro wa nyuma umeziba. Wiki ile ile mvua ikabeba jiko lake na kuku wake wote. Tangu hapo, mkono ni mkono.

Walizungumza juu ya mtaro, wakagombana, wakakubaliana. Katikati ya ugomvi, kwenye benchi la akina mama, Mwanvua aliinua mkono wake polepole, ukapita bega, ukafika sikioni, ukanyooka. Moustapha aliuona kutoka benchi la akina baba.

"Kuna neno ingine?" aliuliza Vagheni, akijiandaa kuvua miwani. "Ah. Mama Aisha."

"Sina neno."

"Basi shusha, tufunge."

"Hapana."

Vagheni alivaa miwani vizuri. "Unaomba kusema?"

"Siombe."

"Basi kikao kimefu..." Akajizuia mwenyewe. Alitazama ule mkono. "Siwezi kufunga. Mukono iko juu."

Watu wakaguna. Henri, mwenye mbuzi wengi kuliko akili, alisimama. "Nyumbakumi, mbuzi yangu bana njaa! Futa hiyo sheria!"

"Sheria inafutwa na kikao."

"Basi tupige kura!"

Wakapiga kura. Wanaotaka sheria ifutwe wakainua mikono, Vagheni akahesabu. Wasiotaka wakainua, akahesabu. Zikawa sawasawa, na mkono wa Mwanvua ulikuwa ndani ya zote mbili.

"Mama Aisha! Unakubali ao unakataa?"

"Hata kimoja."

"Mukono yako inasema byote bibili!"

"Muache kuusikiliza, basi."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akina mama walifikiria nguo walizoanika, akina baba walifikiria chakula. Mtu akasema kwa sauti kwamba apandisiti imemwingia kichwani. Pasta Élisée, aliyekuwa kwenye benchi la mbele, akasema yeye alijua tangu mwanzo. Shehe Yassini akamtazama vibaya.

Moustapha aliinama mpaka karibu na mkewe. "Shusha," alinong'ona. "Utapandisha tena nyumbani."

Mwanvua alimtazama. Hakubisha. Mkono ukaanza kushuka, taratibu, ukiwa haujachoka, ukiwa haujatetemeka hata kidogo. Moustapha aliuona ukishuka, akaona na uso wa mkewe ukishuka pamoja nao, akasikia sauti ya Jokébed: batamurudisha.

"Rudisha juu!" alipiga kelele, kama anavyowapigia wapakizi turubai likilegea. Mkono ukarudi juu. Watu wote wakamgeukia.

"Hapana apandisiti," alisema.

"Ni nini sasa?" aliuliza Vagheni.

"Ni juu ya... ile fasi."

"Fasi gani?"

"Ile ya mbele."

"Tumbo?"

"Juu ya tumbo."

"Papa Aisha," alisema Anne-Marie, "weye ni mutu mukubwa. Sema."

"Ziwa!" alipaza Moustapha. Neno likagonga mabati, likarudi. Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, mengine yakalifuata mbio kama mbuzi wa Henri. "Ni kansa ya ziwa! Banakata ziwa, na sasa tunaenda Kampala juu ya mionzi ya kuchoma bile bilibakia mu tezi, hapa kwapani na hapa juu. Mais kwanza banapanga, banapiga picha, na mukono usipoikala juu banamurudisha, na akirudishwa..." Akauonyesha mkono wa mkewe. "Mukono huu hauite mutu. Hauombe neno. Unajifunza kuikala."

Anne-Marie akashika kichwa.

"Na miye nilikuwa nikimupikia uji bila chumvi juu ya tumbo yake! Nilimunyima maharagwe!"

"Alininyima kweli," alisema Mwanvua.

Rébecca, mke wa Vagheni, alizungumza kutoka mlangoni, bila kumwangalia mtu. "Dada yangu wa Luofu alikuwa na hiyo. Hakuambia mutu." Hakuna aliyemuuliza yuko wapi sasa.

Vagheni alisafisha miwani yake kwa muda mrefu. "Unapashwa kuikala muda gani?"

"Docta alisema kama kuivisha chungu ya viazi."

"Basi kikao kinaendelea," alisema Vagheni. "Sheria ni sheria. Rébecca, teleka viazi."

Rébecca akachukua sufuria. Lakini Henri hakuwa mtu wa kuacha jambo liende hivi hivi. "Viazi vya wapi? Vya Luofu binaiva mbio. Vya kule juu ya Lubero binachelewa. Docta alisema vya wapi?"

"Hakusema," alikiri Moustapha.

Ulizuka ugomvi ambao mtaa ule haujausahau. Akina mama walitaka vya Luofu, wamwonee mwenzao huruma. Akina baba walisema mashine haina huruma. Mtu aliuliza kama viazi vinamenywa au vinapikwa na maganda, maana maganda yanabadilisha mambo. Mwishowe Vagheni alimgeukia Moustapha: yeye ndiye anayebeba viazi vya nchi nzima, aamue.

Moustapha alitazama mkono ule juu. "Vya Lubero," alisema. "Na maganda."

Mwanvua alimtupia jicho ambalo lingeweza kuvimenya.

Viazi vikatelekwa uani, mbele ya macho ya wote. Na kwa kuwa kikao hakiwezi kuendelea bila neno, Vagheni aliwaomba watu walete maneno. Wakaleta. Walizungumzia mbuzi wa Henri wanaokula mabango ya harusi. Walizungumzia mbwa asiye na mwenyewe ambaye kila mtu anamlisha na kila mtu anamkana. Walijadili kama mtaa ubadilishwe jina, wakapendekeza majina, wakayakataa yote. Kila kura iliyopigwa, mkono wa Mwanvua ulihesabiwa pande zote mbili, na hakuna aliyelalamika. Pasta Élisée alikuwa akisali kimoyomoyo, na Shehe Yassini akivuta tasbihi, na kila mmoja alijifanya haoni mwenzake anauombea mkono ule ule.

Mvuke ukaanza kutoka. Vidole vya Mwanvua vikatetemeka.

"Rébecca!" waliita.

Rébecca alichoma kiazi kwa kijiti. "Bado."

Jasho lilimtiririka Mwanvua hadi kidevuni. Hakuna aliyesogea kumfuta, maana Moustapha alikuwa amesimama mbele yake amepanua mikono kama anayezuia ng'ombe. "Mutu asimuguse! Kule ndani atakuwa peke yake!"

"Rébecca, wee!"

"Bado katikati."

"Choma kingine!"

"Nichome ngapi? Bitapasuka!"

"Bipasuke!"

Akachoma. Kijiti kikapita mpaka upande wa pili. "Biko tayari," alisema Rébecca, na akakaa chini pale pale kando ya moto, kama aliyekuwa ameinua mkono yeye.

Mwanvua hakuushusha mara moja. Alikaa kidogo zaidi, kwa jeuri, kisha akaushusha mwenyewe, polepole, akauweka magotini.

"Kikao kimefungwa," alisema Vagheni. Viazi vikaliwa na chumvi. Anne-Marie alimtilia Mwanvua chumvi nyingi kuliko wote.

Beni, daktari Jokébed alimsimamisha ukutani, akaona vidole vinakwenda mpaka juu na kubaki. Aliuliza walifanya nini. Moustapha alisema viazi. Jokébed alidhani ni chakula, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anakula vizuri, akatia sahihi, nao wakavuka mpaka wa Kasindi, wakaingia Uganda.

Kule Kampala Moustapha alitaka kuingia na mkewe chumbani. Walimtoa. Akaeleza kwamba yeye anajua kufunga, kama wanahitaji mtu wa kuufunga mkono usicheze. Wakamtoa tena. Alikaa kwenye benchi la nje pamoja na waume wengine, kila mmoja akitazama viatu vyake. Alijaribu kupima muda na akashindwa, kwa sababu hakukuwa na moto wala sufuria. Mlango ulipofunguliwa, Mwanvua alitoka kwa miguu yake, na kwenye ngozi ya kifua alikuwa na vidoti vyeusi vidogo kuliko mbegu ya mtama.

"Ulikaa?" aliuliza Moustapha.

"Nilikaa. Wale watu wanachelewa kuliko Rébecca."

Siku zikapita wakilala kwa msafirishaji rafiki yao, kabla ya kuitwa tena. Daktari wa mashine, mtu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kambi za jeshi, aliwaambia michoro imekwisha, matibabu yanaanza kesho. Akawageuzia kioo cha kompyuta. Pale palikuwa na kifua cha Mwanvua, kimekatwa kama mkate, na mistari ya rangi imepita ndani yake.

"Hii ukuta ya kifua," alisema. "Hii tezi ya kwapa. Hii ya juu ya mfupa. Mionzi itaingia hapa, itatokea huku."

Moustapha alisogea. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu miaka mingi na hajawahi kumwona kwa upande ule. Mstari mmoja ulikuja kwa kasi kutoka begani, ukafika karibu na kitu kizito chekundu, ukakata kona, ukakipita pembeni. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya kile kitu.

"Na hii?"

"Hiyo moyo yake."

Moustapha akaondoa kidole haraka. Akakifuta kwenye suruali. Kwenye kioo palibaki alama ya mafuta ya gari.

"Gusa tu," alisema Mwanvua. "Ni picha."

Hakugusa. Alivuta ncha ya shati lake, akainama, akaanza kupangusa kile kioo, taratibu, huku daktari akingoja.